Nilidhani yuko na wewe



Shule zimefunguliwa. Wiki hii nyumba yetu hapa Tinde ina ukimya ambao kila mama mwenye watoto wa shule anaujua. Sare zimefuliwa na kupigwa pasi, madaftari yamefunikwa kwa magazeti ya zamani, na yule mdogo ambaye bado hajaanza shule anazunguka uani peke yake akiuliza wenzake watarudi saa ngapi. Likizo ya Juni imekwisha. Nimekaa na kikombe changu cha chai najiuliza: karibu mwezi mzima niliokaa na watoto hawa, nimewapa nini?

Leo naomba nikushirikishe yaliyonipata katika likizo hiyo. Sehemu yake ni ya aibu kwangu, lakini nimeona nikiificha nitakuwa nimemnyima mama mwenzangu mahali pa kujiangalia.

Kwa asiyeijua, Tinde ni mji mdogo wa njia panda katika Wilaya ya Shinyanga. Barabara kuu inayotoka Nzega ikifika hapa inagawanyika. Moja inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Nyingine inakwenda Isaka kwenye bandari kavu, inapita Kahama, na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Mabasi yanasimama, malori yanapumzika, abiria wanashuka kunyoosha miguu na kutafuta cha kula. Wengi wetu tunaishi kwa hiyo barabara. Mimi ni mama lishe. Nina kibanda chenye mabenchi manne, majiko matatu ya mkaa na sufuria ambazo hazipoi tangu alfajiri hadi usiku.

Baba watoto yuko machimboni upande wa Geita. Ni mchimbaji mdogo. Kuna mwezi duara linatoa, na kuna miezi linakula tu nguvu za watu bila kurudisha kitu. Akipata anatuma kwa simu. Asipopata anapiga kutusalimia, nami kwa sauti yake najua kuwa mwezi huo kibanda ndicho kitakachotulisha. Katika ukanda wetu huu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, nyumba za namna hii ni nyingi. Ukienda kanisani Jumapili utatuona: akina mama na watoto wamejaa benchi moja, na nafasi ya baba imeachwa pembeni kama vile atachelewa kidogo tu.

Mungu ametujalia watoto watatu. Kifungua mimba ni binti wa miaka 12, yuko darasa la sita. Wa pili ni wa kiume, ana miaka 8. Kitinda mimba ana miaka 4.

Likizo ilipokaribia nilifurahi, na nitasema ukweli kwa nini nilifurahi. Nilipata wasaidizi. Juni kwetu ni mwezi wa mavuno. Mpunga unamaliziwa, pamba inachumwa, viazi vitamu vinachimbwa na kukatwa michembe ianikwe kwa ajili ya miezi ya njaa. Hapo hapo wasafiri ni wengi kwa sababu shule zimefungwa. Nikachukua karatasi, nikaandika ratiba na kuibandika ukutani. Binti: kuosha vyombo, kuchota maji, kuangalia wadogo zake. Wa kiume: kupeleka chai kwenye maduka, kuokota kuni, kuchunga kuku. Hata yule mdogo nilimpangia: asiende barabarani.

Nikiitazama ratiba ile leo naona kitu kimoja. Kila mtoto alikuwa amepangiwa kazi. Hakuna hata mmoja aliyepangiwa mama.

Sisemi kwamba mtoto asifanye kazi. Sisi tumelelewa na jembe na kinu, na tunamshukuru Mungu. Mtoto anayejifunza kuosha sufuria hadharau anayepika. Tena kuna watoto katika ukanda wetu ambao kazi yao ni ya kutisha. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu hapa Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwemo: wanashuka mashimoni, wanaponda mawe, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari. Nilipolinganisha, nikajiona mimi ni mama mzuri. Wangu wako kwangu, nawaona, wanakula. Nilidhani hiyo inatosha.

Wiki ya pili ya likizo, siku moja mchana, mabasi mawili yalisimama karibu kwa wakati mmoja. Unajua hali ikiwa hivyo. Huyu anataka wali maharage, yule anataka chenji, kondakta anapiga honi, maji yamekwisha kwenye ndoo ya kunawia. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nane na nusu. Mdogo alikuwa amelala juu ya kanga nyuma ya kibanda. Binti alikuwa anaosha sahani. Mtoto wangu wa kiume hakuwepo.

Mwanzoni sikuogopa. Nikamwita. Nikaita tena. Nikaenda kwa jirani anayeuza simu, nikaenda kwa fundi baiskeli anakopenda kusimama. Hakuna aliyemwona tangu saa tano. Nikarudi mbio kibandani, na jambo la kwanza nililofanya ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimpiga binti yangu kofi mbele za wateja. "Mdogo wako yuko wapi? Kazi yako ni nini hapa?"

Mtoto alishika shavu. Hakulia. Akasema polepole, "Mama, nilidhani yuko na wewe."

Na mimi nilidhani yuko naye.

Tulimtafuta kila mahali. Vijana wa bodaboda, Mungu awabariki, waliacha abiria wakazunguka mitaa yote. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda kuuliza kwa madereva. Nilipita kwenye malori yaliyoegeshwa nikiinama kuangalia chini ya kila moja, tairi kwa tairi, nikimwomba Mungu nisione ninachokitafuta. Kisha nikawaza mengine. Lori linaloondoka hapa saa sita mchana, saa kumi litakuwa wapi? Njia panda ni nzuri kwa biashara, lakini siku mtoto akipotea unaona kwamba kila upande wa dunia umeanzia mlangoni kwako.

Jua lilikuwa linazama alipotokea mzee mmoja mfugaji akisukuma baiskeli. Kwenye keria alikuwa amekaa mwanangu, matope hadi viwikoni, fulana ameivua na kuifunga kama furushi.

"Mwadila, mayu," mzee akanisalimia. "Huyu ni wako?"

Sikuweza kujibu salamu. Nilimkumbatia mtoto nikalia hadi watu wakanizunguka. Mzee akaeleza kwamba alimkuta lamboni, mahali ng'ombe wanakonyweshwa. Alikuwa amefuatana na wavulana wanaochunga, wenzake wakaondoka na mifugo, yeye akabaki ukingoni akifinyanga. Mpendwa msomaji, unajua lambo. Kila mwaka tunasikia habari za mtoto aliyeteleza. Alikuwa hatua tatu kutoka kwenye maji.

Nilipopata sauti nikamuuliza kwa nini ameondoka bila kuniambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi.

"Lakini mama, nilikwambia. Nilikwambia twende lamboni tuchukue udongo nifinyange ng'ombe. Ukasema kesho. Juzi pia ulisema kesho."

Akafungua furushi. Walikuwemo ng'ombe wanne wa udongo, mmoja pembe imekatika. Akaniambia yule mkubwa mwenye nundu ni wa baba, atamwonyesha akirudi.

Usiku ule watoto walipolala nilifungua Biblia katika Injili ya Luka, sura ya pili, kuanzia aya ya 41. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini siku zote niliisoma nikimtazama Yesu hekaluni kati ya walimu. Usiku ule nilimtazama mama yake barabarani.

Yesu alikuwa na miaka 12, umri wa binti yangu. Familia ilikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, kama walivyofanya kila mwaka. Sikukuu ilipokwisha wakaanza safari ya kurudi Nazareti pamoja na ndugu na majirani. Wakatembea siku nzima wakidhani mtoto yumo humo humo katika kundi. Jioni walipomtafuta kwa jamaa na rafiki, hawakumwona. Ikawabidi warudi walikotoka, na siku ya tatu ndipo walipompata.

Biblia haitwambii kwamba Mariamu alikuwa mama mzembe. Huyu ndiye mwanamke ambaye Mungu mwenyewe alimchagua. Hakuwa kwenye starehe. Alikuwa anatoka kuabudu. Alikuwa na watu wema, njia ilikuwa sahihi, na safari ilikuwa inaendelea vizuri. Tatizo lilikuwa dogo sana kiasi kwamba halionekani kwa macho: kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwingine.

Hapo ndipo Neno liliponishika. Tunaweza kuwa katika msafara mmoja na watoto wetu na tusiwe nao. Tunalala nyumba moja, tunakula sufuria moja, tunapanda benchi moja kanisani. Baba anadhani yuko na mama. Mama anadhani yuko na dada. Dada anadhani yuko na mwalimu. Mwalimu anadhani yuko na mwalimu wa shule ya Jumapili. Na mchungaji anadhani nyumbani kuna mtu. Siku nzima inapita, na kwa wengine miaka mizima, kabla mtu hajauliza, "Hivi mtoto yuko wapi?"

Tena sisi tunaopenda kanisa tusijitoe katika hili. Mariamu na Yusufu walimkosa mtoto wakitoka kwenye sikukuu ya Bwana. Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Kuna wiki nilikuwa na mazoezi jioni tatu, mkesha Ijumaa na kikao cha akina mama Jumamosi. Yote ni mema. Lakini mema nayo yana vumbi lake, na katika vumbi hilo mtoto anaweza kubaki nyuma bila mtu kuona.

Kitu kingine nilichokiona ni kwamba mtoto alipopatikana, alishangaa kutafutwa. Aliona walipaswa kujua mahali alipo. Luka anasema wazazi hawakuelewa maneno yake, lakini mama yake aliyaweka yote moyoni. Mwanangu naye alikuwa ameniambia mara mbili, labda zaidi, moyo wake uko wapi. Ulikuwa kwenye udongo wa lambo. Ningekuwa nimemsikia, nisingekuwa na haja ya kuinama chini ya malori.

Sasa nirudi kwa binti yangu. Siku iliyofuata aliamka kabla yangu, akawasha jiko, akaosha vyombo vya jana. Alifanya kila kitu sawasawa, ila hakunitazama. Nilijua kwa nini. Kwa desturi zetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Tunamnunulia soda, tunamwongezea nyama, na yeye anatakiwa kuelewa. Lakini nilikuwa nimemtwisha mzigo wangu kisha nikampiga kwa sababu ulimwangukia. Paulo anapowaandikia Waefeso, sura ya sita, anawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wao wakawatia hasira. Agizo hilo linafuata mara tu baada ya lile la watoto kuwatii wazazi. Lile la kwanza tunalijua kwa moyo. La pili tunalipita haraka.

Nikamwita nyuma ya kibanda. Nikamwambia, "Mwanangu, jana nilikukosea. Kumlinda mdogo wako lilikuwa jukumu langu kabla halijawa lako. Nisamehe." Alinyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mama, zamani ulikuwa unafuma vitambaa. Mbona umeacha?"

Ni kweli. Nilipokuwa msichana nilifuma sana. Vitambaa vya makochi ya mama yangu nilivifuma mimi. Sindano zangu zilikuwa bado zimo ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati. Nikamjibu kwamba sina muda. Akasema, "Mimi nilitaka unifundishe likizo hii." Basi. Kumbe naye alikuwa na lambo lake, na hakuwa amethubutu hata kulitaja.

Jumamosi nilikwenda kumshukuru yule mzee. Nilimpelekea sukari na sabuni, akanikaribisha chini ya mti, tukazungumza. Mbele ya mji wake palikuwa na eneo la majani marefu yaliyokauka kidogo, limezungukwa na miti, na hakuna ng'ombe ndani. Nikamuuliza kwa nini ng'ombe wake wanakwenda mbali kutafuta malisho wakati majani yako hapa mlangoni.

"Hiyo ni ngitili," akasema. "Sijaifungua bado."

Wasukuma wenzangu mnajua. Kwa wasomaji wa mikoa mingine nieleze kidogo. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na miti ichipue, kisha linafunguliwa kiangazi kikiwa kikali, malisho ya nje yakiwa yamekwisha. Ni desturi ya wazee wetu. Ilikuja ikadhoofika sana, na Shinyanga ikawa maarufu kwa ukame, baada ya misitu kukatwa ili kuwaua mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Mradi ule uliwarudisha watu kwenye ngitili, na miti ikarudi katika maelfu ya hekta za mkoa. Kazi hiyo ilitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2002.

Mzee hakunitajia tuzo. Alisema jambo moja tu. "Mayu, ngitili hufungwa majani yakiwa mabichi. Ukisubiri kiangazi ndipo ukumbuke kufunga, utakuwa unafungia vumbi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Niliona kwamba muda wa watoto wangu ulikuwa malisho ya wazi. Kila mteja aliula, kila simu iliula, kila kikao kiliula. Na mimi nilikuwa nasubiri siku shughuli zitakapopungua ndipo nikae nao. Hazipungui. Siku zitakapopungua, binti atakuwa ameolewa na mvulana atakuwa amemfuata baba yake machimboni, au amepanda moja ya yale malori.

Katika semina ya akina mama kanisani tuliwahi kufundishwa habari za mwanamke aitwaye Susanna Wesley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1669. Alizaa watoto 19, na tisa kati yao walikufa wakiwa wachanga. Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba yao katika mji wa Epworth iliungua. Yaya alimbeba mtoto mdogo kabisa na kuwaamuru wengine wamfuate. Mmoja, John, mwenye miaka mitano, hakuamka. Kila mtu alikuwa nje kabla haijagundulika kwamba yeye bado yuko ndani. Majirani walipandiana mabegani wakamtoa dirishani, na muda mfupi baadaye paa likaanguka.

Yule mama hakuishia kulia na kushukuru. Alijiwekea nia ya kuiangalia roho ya mtoto yule kwa uangalifu zaidi kuliko mwanzo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1712, mumewe akiwa London kwa shughuli za kanisa, alimwandikia barua akimweleza jinsi anavyowalea watoto peke yake. Alikuwa ametenga jioni moja ya wiki kwa kila mtoto, akae naye na kuzungumza naye mambo yake makubwa. Alhamisi ilikuwa jioni ya John. John huyo ndiye aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Wamethodisti, na miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima na msomi, alimwandikia mama yake akitamani sehemu kidogo ya zile jioni za Alhamisi.

Nilipoikumbuka habari hiyo nilicheka peke yangu. Mume mbali, watoto wengi, fedha haitoshi, na mtoto aliyesahaulika kwa sababu kila mmoja alidhani anafuata wenzake. Karne tatu zimepita na bahari ziko katikati, lakini huyu mama ningemkaribisha kwenye benchi la kibanda changu tukaelewana.

Nikaichana ile ratiba. Nikaandika nyingine, fupi. Jumanne ni ya mvulana. Alhamisi ni ya binti. Jumamosi ni ya mdogo. Siku hizo kibanda kinafungwa saa kumi na moja jioni.

Isikupite kwamba hilo lina gharama. Jioni ndiyo saa ya wasafiri wenye njaa. Wiki ya kwanza nilihesabu hasara nikakosa usingizi. Jumanne ya kwanza nilikaa lamboni na mtoto, mikono kwenye udongo, lakini akili ilikuwa inapiga hesabu za maharage. Akaniambia, "Mama, ng'ombe wako hana miguu." Kweli, nilikuwa nimefinyanga tumbo tu. Nikaacha hesabu, nikaweka miguu. Akanieleza ng'ombe wake mmoja mmoja, yupi mkali na yupi ana ndama. Mtoto ambaye mwalimu wake anasema ni mkimya aliongea kutoka lamboni hadi nyumbani.

Alhamisi tulishusha kopo la sindano. Binti ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi. Mikono ikishughulika na uzi, mdomo nao unafunguka. Aliniambia mambo ya shuleni ambayo nisingeyapata kwa kumhoji, mengine yalinifanya niende kuonana na mwalimu. Sitayaandika hapa kwa sababu ni yake. Nitasema tu kwamba ningechelewa miezi sita, yangekuwa mazito zaidi. Jumamosi na mdogo tulikata viazi vya michembe. Yeye anaanika, kuku wanadonoa, anawafukuza, tunaanza upya.

Jumapili baada ya ibada ikawa zamu ya baba. Nilimpigia nikamweleza yote, hata habari ya kofi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nipe mtoto niongee naye." Awali alikuwa anazungumza na mimi kuhusu fedha, halafu anawasalimia watoto wote kwa pamoja. Sasa kila mmoja ana dakika zake. Hajaweza kuja. Duara bado halijatoa, na nauli ni nauli. Yule ng'ombe mwenye nundu yuko juu ya kabati, anamsubiri.

Sikutimiza jioni zote. Wiki ya mwisho Alhamisi ilipita nikiwa nimelala kwa uchovu, na binti alinifunika kanga akaendelea kufuma peke yake. Aliponiambia asubuhi sikujitetea. Juzi tena, shule zikiwa zimefunguliwa, sikuwa na uhakika kama ratiba itaendelea. Saa kumi na moja ikafika. Nikamwona anakuja kutoka shuleni, ameweka begi chini, ameshika lile kopo mkononi. Nikamwambia mteja aliyekuwa anavuta benchi, "Baba, samahani, leo tumefunga."

Mpendwa msomaji, pengine huna kibanda wala lambo. Pengine ni mwalimu, ni askari, ni baba unayesoma gazeti hili ukiwa kambini Nyarugusu au Kahama. Sikuambii uache kazi. Watoto wanakula kwa kazi hiyo. Nakuomba jambo moja. Leo jioni, kabla msafara haujaenda mwendo wa siku nyingine, hesabu watoto wako. Wahesabu kwa moyo, mmoja mmoja. Jiulize huyu moyo wake uko wapi wiki hii, na mara ya mwisho alikwambia nini ukamjibu kesho. Kama hujui, rudi nyuma umtafute. Mariamu na Yusufu walirudi. Haikuwa aibu kurudi, na kitabu chetu kitakatifu hakikuificha safari hiyo. Na yule Mtoto aliyepatikana alishuka pamoja nao hadi Nazareti akawatii, akaendelea kukua.

Tuombe. Bwana, tusamehe kwa siku ambazo tulidhani watoto wetu wako na mtu mwingine. Wakumbuke walio mbali na nyumba zao kwa kutafuta riziki, uwarudishe salama. Walinde watoto walio barabarani, walio lamboni na walio mashimoni, ambao hakuna anayewatafuta. Utupe kuzungushia ua saa chache za wiki yetu majani yakiwa bado mabichi. Katika jina la Yesu. Amina.

Jumapili njema.